Ndugu Yenu Amefungwa kwa Kesi ya Kisiasa: Namna ya Kumpigania

Hukumu ikishasomwa, mna siku 10. Ndani ya siku hizo mfungwa awe ametoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa; asipofanya hivyo, Mahakama Kuu haitamsikiliza, hata kama mji mzima unajua alifungwa kwa sababu ya siasa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye karatasi. Mikutano na waandishi wa habari, barua kwa mabalozi na mabango vina nafasi yake, lakini kesi nyingi za namna hii hupotea masjala kabla hazijapotea kwa jaji.

Utaratibu tunaoufuata hapa ni wa Tanzania Bara, kwa kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ambako mashauri mengi ya uchochezi na ya makosa ya mtandao huanzia. Zanzibar ina mahakama zake na sheria zake za mwenendo, na hata magereza yake huitwa Vyuo vya Mafunzo. Msomaji wa Kenya, Uganda au Burundi atakuta siku zinahesabiwa tofauti kwao, ila kazi yenyewe haibadiliki sana.

Jambo moja kabla ya kusonga mbele. Toleo la Marekebisho la 2023 la sheria za Tanzania, lililoanza kutumika 2025, limehamisha namba za vifungu vingi. Mkinakili namba ya kifungu kutoka hukumu ya zamani bila kutazama toleo jipya, hati yenu itataja kifungu kinachohusu jambo jingine kabisa. Hapa tumeacha namba makusudi. Wakili azijaze kwa toleo linalotumika sasa.

Notisi, hati ya rufaa na kalenda

Notisi ya kusudio la kukata rufaa hupita njia mbili. Wakili anaweza kuipeleka mahakamani mwenyewe, au mfungwa anaitoa kupitia kwa mkuu wa gereza: anajaziwa fomu, anaweka sahihi au dole gumba, kisha gereza linaipeleka. Njia ya gereza ni halali na imewaokoa wengi wasio na wakili, lakini ina mashimo yake. Mfungwa anahamishwa siku ya tatu na fomu inabaki kwenye droo. Jina linaandikwa tofauti na lilivyo kwenye hati ya mashtaka. Namba ya kesi inakosewa tarakimu moja. Kwa hiyo ndugu anayekwenda kumwona aulize mambo matatu: umesaini notisi? Tarehe ngapi? Mbele ya afisa yupi? Majibu yaandikwe siku hiyohiyo.

Kama wakili yupo, apeleke yeye, na mfungwa aambiwe asisaini nyingine gerezani. Notisi mbili za mtu mmoja huweza kuzaa rufaa mbili zenye namba mbili, na miezi inapotea kuzitenganisha.

Baada ya notisi inakuja hati ya rufaa yenyewe, yenye sababu, ndani ya siku 45 tangu hukumu. Siku za kusubiri nakala za hukumu na mwenendo wa kesi hazihesabiwi. Lakini mahakama haitawaamini kwa maneno kwamba mlisubiri. Andikeni barua ya kuomba nakala hizo kesho yake baada ya hukumu, mpeleke nakala mbili, na moja irudi na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala zikitoka, hifadhini pia uthibitisho wa tarehe mliyokabidhiwa. Barua hiyo moja ndiyo itakayobeba hesabu yote ya muda huko mbele.

Muda ukishapita, mlango haujafungwa kabisa. Kuna maombi ya kuongezewa muda, yanayoambatana na kiapo. Mahakama za Tanzania hutaka mwombaji aeleze kila siku ya kuchelewa, hata ikiwa ni siku moja. Kiapo kinachosema “tulikuwa tukihangaika kutafuta wakili” hakitoshi. Kinachosikilizwa ni hiki: tarehe fulani alihamishwa kutoka gereza hili kwenda lile, tarehe fulani mkuu wa gereza alipokea fomu, na barua hii hapa inathibitisha. Palipo na kosa la gereza, ombeni mkuu wa gereza au afisa wake aape kiapo chake. Wengi hukubali wakiombwa kwa adabu, kwa sababu kosa likiwa la ofisi halimwangukii mtu mmoja.

Hukumu ikiwa imetolewa na Mahakama Kuu yenyewe, kama ilivyo kwa kesi za uhaini na ugaidi, rufaa inakwenda Mahakama ya Rufani na notisi ni siku 30.

Mambo mawili hubadilisha mkakati wote, na yafaa yajulikane wiki ya kwanza. La kwanza: je, alikiri kosa? Aliyekiri hawezi kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani, ila dhidi ya adhabu tu, mpaka aonyeshe kwamba kukiri kwake hakukuwa wazi, au hakuelewa alichokuwa anakiri, au shtaka lenyewe halikuwa kosa kisheria, au maelezo ya ukweli yaliyosomwa hayakutosha kuthibitisha kosa. Tangu 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kati ya mshtakiwa na Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP). Mtu aliyekaa mahabusu miezi mingi kwa shtaka lisilo na dhamana, kama utakatishaji fedha, atashawishika kusaini ili arudi kwa wanawe. Hakuna wa kumlaumu. Ila kabla hajasaini, aambiwe bila kufichwa kwamba anaifunga njia ya rufaa karibu yote, na kwamba atatoka akiwa na rekodi ya jinai.

La pili: kifungo ni kirefu kiasi gani? Mfungwa mwenye tabia njema kwa kawaida hupata punguzo la theluthi, hivyo kifungo cha miezi 18 kinakuwa 12. Mwulizeni tarehe yake ya mapema kabisa ya kutoka; gereza huipiga hesabu tangu anapoingia. Ikiwa tarehe hiyo itafika kabla rufaa haijasikilizwa, kazi ya kwanza ni kuomba dhamana wakati rufaa ikisubiriwa, pamoja na hati ya dharura, yaani ya kuomba shauri lisikilizwe haraka, kwa hoja kwamba ushindi utakaokuja baada ya kifungo kuisha haumsaidii. Hata hivyo msiache rufaa kwa kuwa faini imelipwa au kifungo kimeisha. Machi 2020 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wa CHADEMA katika kesi iliyokuwa na mashtaka ya uchochezi, wakalipa faini za jumla ya shilingi milioni 350. Juni 2021 Mahakama Kuu ilifuta hukumu hiyo na kuamuru fedha zirudishwe.

Jalada lenu

Fungueni jalada moja la karatasi na moja la simu au kompyuta. Ndani kuwe na hati ya mashtaka pamoja na kila marekebisho yake, mwenendo wa kesi uliochapwa, hukumu, vielelezo vyote vilivyopokelewa, maamuzi madogo yaliyotolewa katikati ya kesi, hati ya kifungo, na barua zote mlizoandika na kujibiwa. Nakala za mahakama ziwe zimethibitishwa kwa muhuri. Tengenezeni seti tatu: ya wakili, ya familia, na moja ikae kwa mtu anayeaminika ambaye si wa nyumba hiyo wala si wa chama hicho. Nyumba za watu hawa hupekuliwa, na karatasi zikishachukuliwa kama ushahidi wa jambo jingine, kuzipata tena ni kesi nyingine.

Mwenendo uliochapwa usomeni wote kwa kuulinganisha na daftari la yeyote aliyehudhuria mahakamani. Kurasa hukosekana. Pingamizi lililotolewa na wakili huandikwa kwa mstari mmoja au lisiandikwe kabisa. Mkiona pengo, andikeni kwa Msajili au Hakimu Mfawidhi mapema, mkitaja tarehe ya kikao na kilichokosekana. Mahakama ya rufaa husikiliza kilichomo kwenye kumbukumbu. Kilichosemwa mahakamani kisiandikwe, kwake hakikusemwa. Ndiyo sababu, kesi ikiwa bado inaendelea, mpangeni zamu ya mtu wa kukaa na daftari kila kikao: tarehe, saa, jina la shahidi, pingamizi, uamuzi.

Kutafuta tundu kwenye hukumu

Hapa ndipo kesi hushindwa au kushinda, na hapa ndipo familia nyingi hukosea mwelekeo. Sababu ya rufaa isemayo “hukumu hii ni ya kisiasa” haimpi jaji kitu cha kushika. Hata jaji anayeliona hilo waziwazi anahitaji sababu ya kisheria ya kuandika. Mpeni.

Anzieni kwenye hati ya mashtaka. Je, inataja kifungu sahihi? Maneno yanayodaiwa kuwa ya uchochezi yameandikwa yenyewe, au yameelezwa kwa muhtasari tu? Mahali na tarehe vinalingana na walivyosema mashahidi? Kwa kesi za uhujumu uchumi, tazameni kama kibali cha DPP, na hati inayoipa mahakama ya chini mamlaka ya kusikiliza, vimo kwenye jalada, vimesainiwa na mwenye mamlaka, na vinataja vifungu vilevile vya hati ya mashtaka. Kasoro hapo huangusha kesi nzima, kwa sababu mahakama inakuwa ilisikiliza bila mamlaka.

Kisha maelezo ya onyo aliyoandikwa polisi. Sheria inatoa saa nne tangu mtu awekwe chini ya ulinzi. Muda wa kusafirishwa hauhesabiwi, na kuongeza muda kuna utaratibu wake. Tafuteni saa ya kukamatwa kwenye ushahidi wa polisi mwenyewe, mlinganishe na saa iliyoandikwa juu ya maelezo. Kama mshtakiwa alikana kuyatoa kwa hiari, je, mahakama ilifanya kesi ndogo ndani ya kesi ya msingi kabla ya kuyapokea? Ikiwa ilifanya uchunguzi huo baadaye, au haikuufanya, hiyo ni sababu nzito.

Vielelezo navyo. Nyaraka ikishapokelewa lazima isomwe kwa sauti mahakamani ili mshtakiwa ajue kinachomkabili. Isiposomwa, Mahakama ya Rufani imezoea kuiondoa kwenye ushahidi. Simu, kompyuta mpakato au bendera vilivyokamatwa vinahitaji mlolongo wa utunzaji unaoeleweka: nani alikichukua, nani alikipokea, kilikaa wapi, nani alikipeleka kwa mtaalamu. Katika kesi za mitandaoni hapa ndipo penye udhaifu mkubwa kupita pote. Picha ya skrini iliyochapwa kwenye karatasi haithibitishi nani aliandika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mahakama ipime namna taarifa ilivyotunzwa na namna mwandishi wake alivyotambuliwa. Jiulizeni: upande wa mashtaka ulithibitisha kwamba akaunti ni yake? Kwamba alikuwa nayo mkononi saa ile? Kwamba haikuguswa baada ya simu kukamatwa?

Angalieni pia kama hakimu alibadilishwa katikati ya kesi bila sababu kuandikwa, kama mshtakiwa alielezwa haki zake za kujitetea upande wa mashtaka ulipofunga ushahidi, na kama hukumu ilipima utetezi wake au iliuruka. Hukumu inayoeleza mashahidi wa serikali kurasa kumi na kuumaliza utetezi kwa sentensi mbili ina ugonjwa unaotibika kwenye rufaa.

Kwa kila tundu andikeni mistari mitatu: ukurasa wa mwenendo, kilichotokea, na uamuzi wa Mahakama ya Rufani unaofanana. Hukumu hizo husomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Kenya na Uganda wana hifadhi zao za namna hiyo. Sababu nne zenye ukurasa na uamuzi nyuma yake zina nguvu kuliko ishirini za kulalamika.

Wakili mzuri atawaonya kuhusu hatari mbili. Kasoro ya utaratibu inaweza kufuta hukumu kisha mahakama ikaamuru kesi isikilizwe upya. Jibu lake lipo tangu 1966, katika shauri la Fatehali Manji: kesi haisikilizwi upya ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kwa hiyo hoja ya utaratibu iende pamoja na hoja ya kwamba ushahidi wenyewe hautoshi. Hatari ya pili ni adhabu kuongezwa. Victoire Ingabire wa Rwanda alihukumiwa miaka 8 mwaka 2012. Mahakama ya Juu ikamwongezea hadi 15 mwaka uliofuata. Mfungwa aijue hatari hiyo kabla ya kuamua, maana ni miaka yake.

Gerezani

Yeye ndiye mwenye kesi. Mapema kabisa apate kusaini, kupitia wakili, karatasi inayosema nani asemee kwa niaba yake, nini kiweze kutangazwa na nini hapana, na kama anakubali picha na habari za afya yake zitumike. Chama kina maslahi yake, mashirika yana yao, hata ndugu wana yao. Pasipo karatasi hiyo, watu watano watatoa matamko matano, na moja litamdhuru.

Siku za kutembelea hupangwa na kila gereza, na aliyehukumiwa hupata nafasi chache kuliko mahabusu, hivyo ulizeni getini na mwende na kitambulisho. Wafungwa wa aina hii huhamishwa ghafla, mara nyingi mbali na nyumbani. Pigeni simu kabla ya kukata tiketi ya basi kwenda gereza la Isanga au la Butimba. Mkimwona, ulizeni kwa mpangilio uleule kila mara: afya, dawa, chakula, usingizi, kama ametengwa peke yake na tangu lini, kama barua zinamfikia. Andikeni ndani ya saa moja baada ya kutoka.

Barua husomwa na maofisa. Mkakati wa kesi usiandikwe humo. Huo ni wa wakili, ambaye ana haki ya kuonana naye faragha. Kila barua ipeni namba, naye azitaje namba alizopokea. Hivyo mtajua namba 7 na 8 zilizuiliwa, na mtakuwa na cha kuandika kwenye lalamiko.

Akiugua au akipigwa, wakili amwandikie mkuu wa gereza akiomba apimwe na daktari na taarifa itolewe, nakala kwa Kamishna Jenerali wa Magereza na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kwenye barua hiyo tajeni Kanuni za Mandela za 2015 za Umoja wa Mataifa: kutengwa saa 22 au zaidi kwa siku bila kukutana na watu ipasavyo, kwa zaidi ya siku 15 mfululizo, kumekatazwa. Tume yenyewe haina ada, na inaweza kuingia magerezani. Haichunguzi shauri lililoko mbele ya mahakama, kwa hiyo msiipelekee hukumu. Ipelekeeni namna anavyotendewa.

Wakili akikosekana, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inampa mfungwa njia ya kuomba. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Tanganyika ndiko pa kuanzia. Nendeni na muhtasari mkononi.

Muhtasari wa ukurasa mmoja

Kila mlango mtakaobisha watauliza kitu kilekile, hivyo kiandaeni mara moja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Jina kama lilivyo kwenye hati ya mashtaka, umri, kazi, wadhifa wake kama anao. Alikamatwa lini, wapi, na nani. Alionyeshwa hati ya kukamata au la. Mashtaka, mahakama, namba ya kesi, tarehe ya hukumu, adhabu. Alichokuwa akikifanya au kukisema kabla ya kukamatwa. Kasoro tatu kubwa za kesi. Gereza alipo na hali ya afya yake. Rufaa imefikia wapi. Mnaomba nini.

Tenganisheni yaliyothibitishwa na nyaraka, yaliyosemwa na shahidi, na mnayoyaamini ninyi. Mwanasheria wa shirika akikuta kosa moja dogo, tuseme tarehe ya kukamatwa isiyolingana na hukumu, hataamini na mengine.

Na ombi lenu liwe lile linalomstahili. Amnesty International, tangu ilipoanzishwa 1961, imemtofautisha mfungwa wa dhamiri, yule asiyetumia wala kuhimiza vurugu, na mfungwa wa kisiasa kwa jumla. Wa kwanza huombewa kuachiwa bila masharti. Wa pili huombewa kesi ya haki. Hata Mandela, baada ya hukumu ya 1964, hakuorodheshwa kama mfungwa wa dhamiri kwa sababu hiyo ya vurugu. Ikiwa ndugu yenu ameshtakiwa kwa jambo lenye vurugu na ushahidi ni wa kubishaniwa, “asikilizwe upya kwa haki” ni ombi litakaloungwa mkono na watu ambao “aachiwe leo” lingewakimbiza.

Milango ya nje ya nchi

Kikosi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu Uwekaji Kizuizini Kiholela, kilichoundwa 1991 na chenye wataalamu watano, ndicho rahisi kuliko vyote kufikia. Hakihitaji mmalize rufaa za ndani. Kina fomu ya maswali, hakitoi jina la mleta taarifa kwa serikali, na serikali hupewa siku 60 kujibu. Kinapima kwa makundi: kifungo kisicho na msingi wa sheria, kifungo kwa kutumia haki kama ya kusema au kukusanyika, kesi iliyovunja haki kwa uzito mkubwa, kizuizi cha muda mrefu cha wahamiaji, na ubaguzi, ukiwamo wa maoni ya kisiasa. Jazeni mkionyesha wazi ni kundi la ngapi, mara nyingi la pili na la tatu kwa pamoja. Maoni yake hayafungui geti la gereza kwa nguvu, lakini ni karatasi ya Umoja wa Mataifa inayosema kifungo ni cha kiholela, na balozi au jaji hawezi kuipuuza kama tamko la chama.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, nayo haidai rufaa za ndani ziishe. Lakini muda wake ni miezi miwili tu tangu tendo kutokea au kujulikana, na hesabu hiyo huishika kwa ukali. Si mahakama ya rufaa ya jinai. Inatamka kama nchi imevunja Mkataba wa Jumuiya. Ndugu wa kawaida anaweza kufungua shauri: mwaka 2010 dada wa Luteni Kanali Seveline Rugigana Ngabo, aliyekuwa akishikiliwa Rwanda bila kufikishwa mahakamani, alilifungua mwenyewe, na Desemba 2011 akashinda.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapohapo Arusha, ilikuwa ikipokea mashauri ya Watanzania moja kwa moja. Serikali iliondoa tamko lake Novemba 2019, na tangu 22 Novemba 2020 mtu binafsi hawezi tena kufungua shauri jipya huko dhidi ya Tanzania. Wengi bado hupoteza pesa wakiambiwa inawezekana. Kilichobaki ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul, na huko masharti ni magumu zaidi: rufaa za ndani ziwe zimeisha, au muonyeshe kwamba zinacheleweshwa kupita kiasi, lalamiko lisitegemee habari za magazeti peke yake, na lisiwe na lugha ya matusi. Sharti hilo la mwisho si pambo. Lalamiko moja dhidi ya Kamerun lilikataliwa kwa sababu ya maneno yaliyotumika juu ya serikali na rais wake. Andikeni mliyotendewa, majina mliyowapa waliowatenda yabaki nyumbani.

Uganda na Kongo zimeridhia itifaki inayomruhusu mtu kulalamika kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Tanzania na Kenya hazijaridhia.

Kusema hadharani, na fedha

Kukaa kimya kabisa humwacha mfungwa peke yake, na hilo ndilo waliomfunga wanalolitegemea. Lakini tamko lenye kosa huzaa mfungwa wa pili: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo. Wakili asome kila tamko kwanza. Semeni “ukurasa wa 14 wa hukumu unasema”, semeni “tunaamini”. Msimwite hakimu mla rushwa bila ushahidi, msitaje makazi ya shahidi, msichapishe jalada la hospitali ambalo mwenyewe hajaliruhusu. Msemaji awe mmoja, na wa pili wa akiba.

Tarehe za kusema zichagueni: siku ya rufaa kutajwa, mwaka mmoja gerezani, kikao cha kimataifa ambacho nchi inahojiwa, wiki chache kabla ya 26 Aprili na 9 Desemba, ambapo Rais hutoa misamaha chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Barua kwa Rais, kwa Waziri wa Katiba na Sheria au kwa DPP iwe ukurasa mmoja, ombi moja, lugha ya heshima. Barua mia zilizoandikwa kwa mkono na watu wa kada mbalimbali, viongozi wa dini, walimu, wanafunzi aliowafundisha, zina uzito kuliko maandishi yaleyale yaliyonakiliwa mara mia. Msamaha una masharti na huacha hatia palepale, kwa hiyo uvumi wake usiwafanye mfute rufaa.

Akina mama wa wafungwa wa kisiasa wa Kenya walifanya mambo haya kwa mpangilio unaofaa kuigwa. Februari 1992 walianza kwa Mwanasheria Mkuu, wakiwa na orodha ya majina 52. Ndipo wakaenda Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai kusubiri jibu, wakagoma kula. Polisi waliwapiga, wakahamia Kanisa Kuu la All Saints na kukesha humo karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 waliachiwa 51 kati ya wale 52. Orodha ilitangulia, uwanja ukafuata.

Michango ishikwe na watu wawili wanaosaini pamoja, kwenye akaunti ya peke yake, si kwenye simu ya mtu. Kila mwezi toeni hesabu: kilichoingia, cha wakili, cha nauli, cha dawa, chakula cha watoto. Risiti zote kwenye jalada. Fedha zisizo na hesabu huvunja kamati haraka kuliko polisi, na zinaweza kuwapa wapelelezi shtaka la utakatishaji. Mkataba na wakili uwe wa maandishi, ukisema malipo ni ya hatua gani: rufaa hii tu, au mpaka Mahakama ya Rufani.

Siku ya kutoka

Rufaa ikishinda, mfungwa hatoki kwa maneno ya jaji bali kwa hati ya kuachiwa inayofika gerezani. Kabla haijaondoka mahakamani, wakili alinganishe jina, namba ya mfungwa na namba ya kesi na zile za hati ya kifungo; herufi moja tofauti ni usiku mwingine ndani. Kama uamuzi umetoka Ijumaa mchana, mtu aifuatilie mkononi mpaka getini, kwa sababu ikibaki masjala itasubiri Jumatatu. Ulizeni mapema kama ana kesi nyingine yenye hati ya kumshikilia.

Kukamatwa tena mlangoni ni jambo la kulitarajia. Novemba 2005, Mahakama Kuu ya Uganda ilipowapa dhamana washtakiwa wa uhaini, askari waliizingira mahakama na wakarudishwa gerezani. Mahakama ya Afrika Mashariki ililaani kitendo hicho mwaka 2007. DPP akifuta mashtaka kabla ya hukumu, anaweza kuyaleta tena. Kwa hiyo getini awepo wakili mwenye nakala ya uamuzi, ndugu wawili wanaoandika namba za magari, na ombi la kumfikisha mtu mahakamani likiwa limeshachapwa, limebaki kujazwa tarehe na kituo. Akipita salama, siku hiyohiyo aende hospitali akapimwe mwili mzima na apewe taarifa ya maandishi. Wiki inayofuata wakili aombe nakala iliyothibitishwa ya uamuzi wa kufuta hatia, na kama faini ililipwa, aandike kuomba irudishwe, akiambatanisha risiti ya awali.